Ngazi Iliyoingia Ardhini

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Ngazi ya mita 6 imeegemea ukuta, na pale chini inafanya pembe ya nyuzi 30 na ardhi. Ncha yake ya juu imefika kimo gani ukutani? Niliwapa kidato cha pili waende nalo nyumbani siku ya Ijumaa, nikijua Jumatatu nitasahihisha huku nakunywa chai.

Daftari la kwanza: −5.93. Nikaweka kosa. La pili: −5.93. La tatu mita 3, nikashusha pumzi. La nne −5.93, la tano vilevile, na mwenye la sita alikuwa mwangalifu zaidi, kaandika −5.928 na kulipigia jibu mistari miwili. Chai inapoa nimeshahesabu madaftari 23 ambamo ngazi imeegemezwa ukutani lakini ncha yake ya juu iko karibu mita sita chini ya ardhi. Yaani imeingia kisimani.

Sikuwa na haja ya kuuliza nani kanakili kwa nani. Niliuliza nani kapata wapi. Binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye mwandiko ambao hata mimi nauonea wivu, akasimama. Alitumia simu ya kaka yake. Kabonyeza sin, kabonyeza 30, simu ikampa −0.988, akazidisha kwa 6. Hatua zote ziko sawa. Na simu nayo haikudanganya: ilikuwa imepangwa kusoma pembe kwa radiani, kizio kingine cha kupimia pembe badala ya nyuzi, na sin ya radiani 30 kweli ni −0.988. Radiani yeye hajawahi hata kuisikia.

"Ncha ya ngazi inaweza kuwa chini ya ardhi?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa mbona umeandika hivyo?"

"Simu ndiyo imesema."

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Watoto 74 waliona ni utetezi unaojitosheleza.

Shuleni kwetu, shule ya kata nje kidogo ya mji wa Muheza, ukishapita mashamba ya machungwa, kila Januari mwalimu hujaza fomu ya malengo. Tangu vishikwambi vije kimeongezwa kipengele: malengo ya mwalimu katika kutumia TEHAMA kwenye somo lake. Kimeachiwa mistari mitatu. Mwaka wa kwanza niliandika kile kinachoandikwa na kila mtu, kuinua ufaulu na kuwaandaa wanafunzi kwa karne ya 21. Fomu ikasainiwa bila kusomwa, nami simlaumu aliyesaini, maana hata mimi niliandika bila kufikiri. Hapa najaribu kuijaza upya ile mistari mitatu, safari hii nikiwa na nafasi ya kutosha.

Habari za vishikwambi wengi mnazijua. Ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022; makarani walipomaliza kutuhesabu, Serikali ikavigawa kwa walimu. Napenda kufikiri kwamba katika ile idadi ya watu 61,741,120 zimo kaya ambazo ziliandikwa kwenye kioo hiki hiki ninachokifuta vumbi la chaki kila asubuhi. Kwa kifaa cha hisabati, hiyo ni CV nzuri.

Tatizo ni kwamba kiko kimoja na watoto ni 74. Mwanzoni nilidhani usawa ni kila mmoja akishike. Kipindi ni dakika 40. Gawanya mwenyewe: sekunde 32 kwa mtoto, ukiwa umesahau muda wa kukipitisha dawati hadi dawati na ugomvi wa nani kamaliza zamu yake. Nikajaribu kupiga picha notsi niwaandikie ubaoni kutoka kwenye kioo, nikagundua nimehamisha daftari langu la maandalio kutoka kwenye karatasi isiyohitaji chaji kwenda kwenye kitu kinachohitaji. Nikajaribu video ya mwalimu wa nchi nyingine anayeeleza milinganyo. Sauti ilifika dawati la tatu. Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Mkaguzi angepita angeandika kwamba mwalimu anatumia TEHAMA.

Kilichonitoa huko ni duara.

Kuna kanuni moja ya kidato cha tatu: pembe inayotengenezwa kitovuni na tao fulani, yaani kipande cha mzingo, ni mara mbili ya ile inayotengenezwa na tao hilo hilo kwenye mzingo. Nimeifundisha kwa chaki miaka kumi na zaidi. Nachora duara kwa kamba, naandika 100 kitovuni na 50 mzingoni, wananakili, wanafaulu zoezi, na wiki mbili baadaye nikichora duara hilo hilo kichwa chini wananitazama kama mgeni. Kwao kanuni ilikuwa habari za mchoro ule mmoja, ule uliokaa vile. Chaki haina dawa ya hilo. Ukichora michoro kumi, watakuwa na michoro kumi ya kukariri.

Siku hiyo niliazima projekta ya shule, ambayo kwa kawaida huonekana kwenye mahafali tu, pamoja na kompyuta ya mwalimu wa taaluma, nikatundika shuka juu ya ubao. Nilikuwa na GeoGebra, programu ya bure kwa sisi walimu, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Uzuri wake kwa shule kama yetu ni mmoja: ukishaiweka kwenye mashine, haikudai intaneti. Nikachora duara, nikaweka nukta tatu kwenye mzingo, nikaunganisha mistari, nikaiambia ioneshe pembe zote mbili. Halafu, kabla sijagusa kitu, nikawaambia waandike kwenye madaftari: nikiisogeza nukta hii ya juu kuelekea kushoto, ile 50 itaongezeka, itapungua, au itabaki?

Wengi waliandika itapungua. Wachache, itaongezeka. Nikaisogeza taratibu. Nukta inatembea kwenye mzingo, mistari inainama, pembetatu inalala upande kama mlevi, na ile namba iko pale pale, 50, 50, 50. Kijana mmoja wa nyuma akapayuka, "Imegoma!"

Sijawahi kusikia kanuni ile ikielezwa vizuri zaidi ya hapo. Pembe imegoma. Nikaendelea kuisogeza mpaka nukta ikavuka kwenda upande wa pili wa tao, namba ikaruka ghafla kuwa 130, darasa zima likapiga kelele. Hata mwalimu wa jirani alichungulia dirishani. Kwa nini 130? Hilo lilitukalisha mpaka kengele, na lilianzishwa na wao.

Nitaje na jambo la lugha, maana walimu wenzangu wa sekondari wanalijua. Mtoto amesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu ni Kiingereza. Kitabu kinamwambia pembe ni "subtended" na tao, yaani imetengenezwa na tao hilo. Nimewahi kumuuliza mwanafunzi mwenye maksi nzuri neno hilo maana yake nini, akanijibu ni jina la pembe. Mchoro unaotembea hauondoi tatizo hilo, lakini unaupa mjadala kitu cha kushika. Waligombana kwa Kiswahili kwanza, kwa "imegoma" na "imeruka", na nilipowapa neno la kitabu baadaye lilikuta kiti chake kimeshaandaliwa.

Basi huo ndio mstari wangu wa kwanza kwenye fomu: mashine iingie pale chaki inaposhindwa, na chaki hushindwa hasa kwenye vitu vinavyotembea. Mahali pengine pote chaki inatosha, ni rahisi, na haizimiki. Katika mwaka mzima wa kidato cha tatu nimeazima projekta mara sita tu. Sioni aibu kusema hivyo.

Mstari wa pili ni lile zoezi la kuandika kabla sijagusa. Kwetu sasa ni sheria na ina jina: kisia kwanza. Hakuna kubonyeza kitu kabla ya kukisia, na kisio huandikwa kwa kalamu ya wino ili lisifutwe. Sitoi maksi kwa kisio sahihi wala sikati kwa lililokosewa. Nataka tu liwepo kwenye karatasi, maana mtoto aliyekwisha andika "kama mita 3 hivi" akikutana na −5.93 atashtuka, na mtoto anayeshtuka atatazama nyuma. Wale 23 hawakuwa na kitu cha kushtukia.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati, mzee wetu anayekaribia kustaafu, alinisikia nikijisifu ofisini akatikisa kichwa. "Mwanangu, hivyo vitu vinawaharibu. Wakifika kwenye mtihani watabonyeza nini?" Ana hoja, na ni nzito. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali 14 na maksi 100, na maelekezo ya mbele yanasema wazi: majedwali ya hisabati yanaruhusiwa, vikokotoo haviruhusiwi. Jirani zetu Kenya kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wanaruhusu vikokotoo visivyoweza kuwekewa programu na visivyotoa sauti. Kama ningeulizwa, ningechagua njia ya Kenya, tuelekeze maksi kwenye kufikiri. Lakini sijaulizwa, na kwa miaka kadhaa hadi 2022 hapa kwetu aliyefaulu somo hili alikuwa kama mmoja kati ya kila watahiniwa watano. Siwezi kumpeleka mtoto kwenye chumba kile akiwa na vidole vilivyozoea kubonyeza. Kwa hiyo kuzidisha, kugawanya na vipeuo vya pili tunafanya kwa mkono. Mashine huja mwishoni, kuhakiki.

Lakini nikamjibu mzee kwamba hata hayo majedwali ni mashine, tofauti yake imechapwa kwenye karatasi. John Napier alitoa logi zake, namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, mwaka 1614, Henry Briggs akatoa majedwali ya kizio cha kumi mwaka 1624, ili watu waache kuhangaika na kuzidisha namba ndefu. Na ugonjwa wa ngazi ya kisimani haukuletwa na simu. Mpe mtoto azidishe 34.5 kwa 0.21 kwa kutumia majedwali. Akipotea kwenye ile alama ya juu ya tarakimu inayoonesha logi ya namba ndogo kuliko moja, atakuletea 72.45, au 724.5, bila kukunja uso. Thelathini na ushee mara moja ya tano, iwe mia saba? Jedwali ndilo limesema. Mzee akacheka. Alikuwa amesahihisha majibu hayo tangu mimi sijaanza shule.

Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyenipa mstari wa tatu, bila kukusudia.

Jina sahihi la ile mashine ya kukokotolea ni kikokotoo, lakini jaribu kulitamka kwenye ofisi ya walimu Tanzania uone. Hakuna atakayefikiria darasa. Wote watafikiria mafao ya uzeeni, maana kanuni ya kuyakokotoa nayo huitwa kikokotoo. Siku moja ubishi ulikuwa mkali, kila mtu ana namba yake aliyoisikia kwenye redio, nikafungua jedwali la hesabu (spreadsheet) kwenye kishikwambi. Tukaandika miezi ya utumishi ya mzee, wastani wa mshahara wake wa mwaka, ile 1/580 na ile 12.5 za kanuni ya mafao, na ile asilimia 33 ya wakati ule ya kulipwa kwa mkupuo. Nikamwambia, kisia kwanza. Akakisia. Namba ilipotokea, ilikuwa chini ya kisio lake kwa kiasi ambacho sitakitaja, ofisi ikanyamaza. Kisha mzee akavuta kiti.

"Hebu weka 50 pale kwenye 33." Nikaweka. "Rudisha. Sasa kama ningeanza kazi miaka mitano mapema?" Nikabadilisha miezi. "Na kama ningepanda daraja ule mwaka?" Alikaa hapo kipindi chake chote cha mapumziko akibadilisha namba moja moja na kuangalia nyingine inavyofuata. Mtu aliyeniambia mashine zinaharibu watoto alikuwa akifanya kile ninachotamani mtoto wangu wa kidato cha tatu afanye: shika kimoja, badilisha kingine, uliza, je kama? Kwa mkono angefanya mara moja, mara mbili, achoke. Na swali lilikuwa lake. Hakuna aliyemwambia ni zoezi la ukurasa wa ngapi.

Nikajiuliza, watoto wangu wana swali gani la namna hiyo? Mafao hayawahusu. Kinachowahusu wanakisikia nyumbani usiku: mikopo ya mtaani, ile ya kausha damu.

Somo rasmi lilikuwa riba ambatani. Nikaandika ubaoni: mtu amekopa shilingi 100,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, hajalipa kitu, na kila mwezi riba inaongezwa kwenye deni. Baada ya miezi 12 anadaiwa ngapi? Kisia kwanza. Karibu darasa zima: 220,000. Kumi mara kumi na mbili, mia na ishirini, jumlisha na ile laki. Ni kisio la mtu mwenye akili, ndiyo maana nilipenda walikisie. Miezi mitatu ya kwanza tukafanya kwa mkono, 110,000, 121,000, 133,100, ili waone kidole kinapoanza kuteleza: mwezi wa pili riba imezaa riba. Kisha kila kundi likapata zamu ya kushika kishikwambi na kushusha fomula mstari kwa mstari, huku wengine wakichora grafu kwa penseli kwa namba wanazosomewa. Mwezi wa nane deni limeshapita maradufu, 214,359. Mwezi wa kumi na mbili, 313,843.

Nikawauliza, na riba ikiwa asilimia 20? Walikuwa wameshaanza kushtuka, hivyo wakakisia kwa ujasiri: mara mbili ya hiyo, kama 630,000. Ikaja 891,610. Kijana wa "imegoma" akasema polepole, "Sasa hapo anauza shamba." Watu wawili watatu wakainamisha macho kwenye madaftari, nami sikuuliza chochote. Kuna mambo ambayo mwalimu wa hisabati anayafungua darasani na hana funguo za kuyafunga. Nilikaa na hilo wiki nzima, nikifikiri kama nimewatendea haki, na bado sina uhakika kwamba kila mwaka nitatumia mfano huo.

Mengine niyapitie haraka. Umeme: chaji kishikwambi nyumbani, uwe na somo la pili la akiba mfukoni. Bando: usitegemee intaneti darasani, pakua kila kitu kabla. Kazi za kutuma kwa simu nimekataa kabisa, pamoja na kwamba baadhi ya wazazi wameomba. Nilihesabu kwa kuuliza mmoja mmoja, faraghani, nani anapata simu janja jioni. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na hao wasichana wachache wanaipata kaka akishamaliza. Siwezi kugawa maksi kwa utaratibu wa nani kaka yake mkarimu.

Mambo niliyoyashindwa yapo. Sijapata namna ya kumfanya mtoto akisie kwa uzito pale anapojua jibu liko kwenye kidole. Wengine huandika namba yoyote ili wapite. Sijui bado kufundisha takwimu kwa data ya kweli bila kuchosha. Na nilipowarudishia wale watoto swali la ngazi mwaka uliofuata, watano walipata hasi tena. Ila mmoja wao alikuwa ameandika pembeni kwa wino: "Nilikisia 3. Simu inasema −5.9. Simu ina shida, sijui ipi." Huyo nilimpa maksi zote. Mwalimu wa taaluma alinihoji juu ya maksi hizo, nikamwonesha daftari, akaondoka akiwa hajaridhika.

Wiki iliyopita walinilipizia. Tulikuwa tunarudia riba, nikakumbuka ile mikopo ya kwenye simu inayotoza kwa siku, nikauliza kwa mdomo tu: laki moja, asilimia 1 kwa siku, mwaka mzima usipolipa? Binti wa dawati la mbele, yule yule wa simu ya kaka, akanyoosha mkono. "Mwalimu, leo kisia wewe kwanza."

Sikuwa nimeandaa. Watoto 74 wananitazama. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni, kwa kujiamini kabisa, milioni 1 na laki 2. Yeye ndiye aliyeshika kishikwambi. Akashusha fomula mpaka mstari wa 365, akakaa kimya kidogo, kisha akasoma tarakimu moja moja ili nisikie vizuri: 3,778,343.

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia kwenye kipindi cha hisabati. Wakakataa nisifute. Kisio la mwalimu nalo ni la wino, walisema. Kengele ikalia, nikatoka na namba zote mbili zikiwa zimebaki ubaoni, na mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa anaingia akasimama mlangoni akizitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anadaiwa.